Yaliyosemwa Wakati wa Kutuni

"Toa mkono kwenye hilo gitaa."

"Shemeji, tuko katikati ya wimbo."

"Nimesema toa mkono. Sikukuuliza tuko wapi."

"Una nini wewe leo? Kilo, hebu mwambie rafiki yako anywe maji."

Kilo aliishika besi yake mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo ugomvi ulipokuwa umefika, siku ya Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, ndani ya karakana ya useremala. Dakika kumi baadaye mwenye karakana alikuwa chini, juu ya maranda ya mbao, na maranda yamelowa damu. Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Wengi mlimjua kwa jina la Randa. Alikuwa seremala. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliuawa kwa patasi yake mwenyewe, na aliyeishika patasi hiyo ni shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Randa, seremala, miaka arobaini na sita, ameuawa na shemeji yake. Shemeji hakatai kwamba mkono ulikuwa wake. Anasema alikuwa anajitetea.

Katika kipindi hiki huwa tunampamba marehemu. Leo hatupambi. Mama yake mzazi ametukataza. Alisema, "Mkimfanya malaika mtakuwa mnamzungumzia mtu mwingine. Mimi nilizaa seremala."

Basi tumzungumzie seremala.

Alizaliwa wa kwanza, nyumba ya vyumba viwili, baba dereva wa lori. Baba alipokuwa akirudi safari, mkanda ulikuwa unatoka kiunoni kabla viatu havijatoka miguuni. Mama anasimulia hayo bila kupepesa jicho. Anasema Randa alikuwa na miaka tisa alipotengeneza gitaa lake la kwanza, la bati na ubao, nyuzi zake waya za breki ya baiskeli. Watu walidhani mtoto ana kipaji.

"Kipaji gani," anasema mama. "Baba yake akianza kunipiga, yeye alikuwa anamchukua mdogo wake chumba cha pili, anafunga mlango, anakung'uta lile bati kwa nguvu zake zote. Ili mtoto asisikie. Kadiri nilivyopigwa ndivyo alivyojua gitaa."

Tulimuuliza mdogo wake kama ilisaidia. Leo ni mama mtu mzima, anaendesha duka la dawa. Alijibu, "Nilikuwa nasikia vyote viwili."

Randa alikua, akajifunza useremala, akafungua karakana. Alitengeneza vitanda, madawati na milango. Kitanda chake hakikulia. Hakuoa. Mama alipomsumbua kuhusu mke, alimnyooshea viganja viwili akamwambia, "Mama, hii mikono ni ya baba. Iache ishike mbao." Mama alidhani ni visingizio vya wanaume. Sasa anasema alipaswa kumsikiliza.

Gitaa hakuliacha. Kila Jumamosi saa nane mchana alifagia karakana, akasukuma misumeno pembeni, akapanga vigoda vitatu. Walikuwa watatu, na hakuna aliyewahi kulipwa hata soda kwa muziki wao. Randa alipiga rithim. Kilo, muuza nyama wa mtaani, alipiga besi. Mtu wa solo alikuwa fundi saa, wakimwita Vidole, na jina hilo halikutoka hewani. Alikuwa na vidole vyembamba, safi, vyenye kucha zilizochongwa, na vilipopita kwenye nyuzi hata Kilo alikuwa anasahau kupiga.

Walikuwa na desturi yao. Kabla ya wimbo wowote walitumia nusu saa kutuni, kukaza na kulegeza nyuzi mpaka magitaa yote matatu yaongee sauti moja. Nusu saa hiyo ilikuwa ya porojo. Hapo ndipo walipotaniana, wakasengenya na kusema mambo ya nyumbani. Mwaka wa kwanza porojo hizo zilitaka kuleta maafa. Vidole alisema mizani ya Kilo ina kidole gumba cha ziada, Kilo akamrushia kipande cha ubao, kikapasua kioo cha dirisha. Randa akaweka kanuni. Aliiandika kwa rangi nyeusi kwenye ubao, akaugongelea ukutani: YA KUTUNI YAISHE KWENYE KUTUNI. Wimbo ukishaanza hakuna anayetuni, na hakuna anayerudisha lililosemwa. Wala hakuna anayetoka nalo nje.

Kanuni nzuri, au si nzuri? Ilileta amani. Sauti zao tumezipata kwa mama, kwenye simu ya Randa, kwa sababu walikuwa na tabia ya kujirekodi. Sikilizeni mazungumzo yalivyokuwa.

Kilo anasema, "Mke wangu kasema besi yangu inasikika kama ng'ombe anayejifungua."

Randa anajibu, "Mwambie ng'ombe angalau anafuata mapigo yake. Wewe ndama katoka, bado unatafuta mapigo."

"Si kosa lake," anasema Vidole. "Vidole vyake soseji. Akibonyeza waya mmoja, wa jirani naye anaitika abee."

"Soseji hizi zinashika shoka, bwana. Wewe ukishika shoka utaomba likizo."

"Kaza huo wa tatu, umelegea," anasema Randa. "Leo kaja mteja anataka kitanda kisicholia. Nikamwambia vyangu havilii. Akasema hapana, fundi, hunielewi, mama mkwe kaja kukaa mwezi mzima na ukuta ni wa mbao."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kitanda sina wasiwasi nacho. Wasiwasi wangu ni wewe."

Mnawasikia wanavyocheka. Watu wazima watatu, wanacheka mpaka gitaa moja linagonga benchi. Mtu ungetamani ukae nao.

Sasa sikilizeni na hili, ni sauti ya Vidole, miezi saba kabla ya kifo. "Juzi nimemkaza mdogo wako nusu mzunguko, shemeji. Alikuwa ameanza kutoa sauti ya ajabu. Sasa yuko sawasawa na piano."

Wanacheka tena. Kilo anacheka. Na Randa anacheka, wasikilizaji wapendwa. Sauti yake ndiyo ya kwanza. Nasema hivyo kwa sababu mama yake alitaka isemwe.

Vidole aliingia ukoo ule kwa mlango wa Randa mwenyewe. Mdogo wake alikuwa analeta chai karakana siku za Jumamosi. Vidole akamwona. Alipoposa, mama alisita. Alisema kijana huyu anapoharibu saa ya mtu huwa analaumu saa. Randa alimtetea. Alimwambia mama, "Mtu mwenye mkono laini hivi hawezi kuwa na mkono mzito." Mama alikubali kwa neno hilo. Mdogo wake naye alikubali kwa neno hilo.

Waliishi miaka sita. Mwaka wa pili mdogo wake alipoteza jino la mbele, akasema alijikwaa kwenye ngazi. Mwaka wa nne alikuwa na mkono kwenye plasta, akasema aliteleza bafuni. Mkono haujapona, likaja la mbavu. Kaka alipeleka matunda hospitali, akakaa na shemeji yake kwenye benchi la wageni, wakazungumzia nyuzi mpya za nailoni. Jumamosi ilipofika Vidole aliyasema yote wakati wa kutuni, kwa utani, na kanuni ikayafunika.

"Mimi nauza dawa za maumivu," anasema mdogo mtu. "Nilikuwa mteja wa dukani kwangu. Na kaka alikuwa anajua. Msiseme hakujua. Watoto wa nyumba yetu hatuhitaji kuambiwa."

Ijumaa, siku moja kabla ya kifo chake, Randa alijikata gumba kwa msumeno. Akaenda duka la dawa kutafuta plasta. Mdogo wake alimhudumia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuficha chini ya kaunta.

"Mkono una nini?" Randa akauliza.

"Droo ya kabati, kaka. Imenibana."

"Nionyeshe."

"Kaka, kuna foleni."

Randa alisogea pembeni foleni ipite, akarudi. Mdogo wake akautoa mkono. Vidole vitatu, cha kati mpaka cha mwisho, vimevimba na kuiva rangi ya bilinganya, kucha mbili hazipo. Randa aliviangalia kama anavyoangalia ubao. Halafu akalipia plasta yake, akaondoka. Mdogo wake alidhani ameamini habari ya droo. Usiku ule, anasema mama, Randa hakula. Alikaa na gitaa bila kuligusa nyuzi.

Jumamosi walikutana kama kawaida. Wakatuni. Kilo alilalamikia goti lake. Vidole alikuwa mchangamfu, ana kofia mpya. Akasema, "Shemeji, wiki hii mdogo wako nimemfundisha mshiko mpya. Vidole vitatu kwa mpigo mmoja, kwenye bawaba ya mlango. Umekaa vizuri kuliko wa Kilo."

Kilo alicheka. Anasema kicheko kilitoka chenyewe, kama kikohozi.

Randa hakucheka. Alimaliza kukaza waya wake. Akauliza, "Tayari?" Wakajibu tayari. Akahesabu mpaka nne, wimbo ukaanza. Walipiga ubeti wa kwanza. Walipiga kiitikio. Ubeti wa pili ulipofika katikati, Randa alisimama, akalaza gitaa lake benchini, akamwambia Vidole maneno mliyoyasikia mwanzoni. Toa mkono kwenye hilo gitaa.

Kanuni ilikuwa yake. Aliivunja yeye.

Alimpokonya gitaa, akaliweka pembeni taratibu. Kisha akaushika mkono wa Vidole, ule wa kulia, kwenye kifundo. Mtu anayeranda mbao miaka ishirini na tano akikushika, umeshikwa.

"Vidole vitatu, si ndivyo ulivyosema?"

"Shemeji, ule ni utani wa kutuni. Soma ukuta wako."

"Nimeusoma."

"Nani hakucheka hapa? Wewe umecheka mara mia."

"Ndiyo," akasema Randa. "Nimecheka."

Pembeni mwa benchi palikuwa na jiliwa. Kwa wasiolijua, jiliwa ni chuma chenye taya mbili, unaweka ubao katikati, unazungusha mpini, taya zinauminya usicheze. Randa alivitia vidole vitatu vya shemeji yake kwenye taya zile, akazungusha mpini. Vidole alimpiga kwa mkono wa kushoto, ngumi ya mdomo, jino likatoka. Randa alitema damu, akazungusha tena. Vidole alimpiga teke la kinena. Randa alikunja goti lakini hakuachia mpini. Akazungusha mara ya tatu. Kilo ni mtu wa bucha, milio ya mifupa anaijua, na anasema ule mlio ulimtoa jasho. Vidole alipiga kelele mpaka fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akazima pampu yake asikilize.

Mikono ile ilikuwa ya baba. Mwenyewe alishasema.

Halafu patasi. Ilikuwa benchini, patasi pana, imenolewa asubuhi ile. Iliingia ubavu wa kushoto wa Randa, chini ya kwapa, ikazama mpaka mpini. Alikwenda chini na hakuamka. Fundi baiskeli alipofika mlangoni alimkuta Vidole amesimama katikati ya chumba, anakumbatia mkono wake, na Kilo ameketi palepale kwenye kigoda.

Polisi walimchukua Vidole, wakampeleka hospitali kwanza. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alinibana kwenye chuma, alikuwa anazidi kukaza, ningekufa kwa maumivu, nikashika kilichokuwa karibu. Akainua mkono wenye bandeji. Nani atambishia? Vidole vimevunjika, kila mtu kaviona.

Kwa hiyo jambo lilibaki moja tu, wasikilizaji wapendwa. Patasi ilipoingia, vidole vilikuwa bado ndani ya jiliwa, au vilikuwa vimeshatoka? Kama vilikuwa ndani, mtu amejitetea. Kama vilikuwa nje, mtu ameua. Ndani ya karakana walikuwa watatu. Mmoja amekufa. Mmoja ndiye mshtakiwa. Wa tatu ni Kilo, na Kilo aliwaambia polisi, "Sikuona. Nilikuwa nimeinama, natuni besi."

Siku kumi na moja zikapita hivyo. Wakili wa Vidole akaomba dhamana. Ilisemekana Jumatatu angetoka, na akitoka ana haki ya kurudi nyumbani kwake, kwa mke wake. Mdogo mtu alihamia kwa mama. Wanawake wawili walisukuma kabati la nguo wakaliegemeza mlangoni, na mchana walikuwa wanapitia dirisha la jikoni. Mama ana miaka sabini na mbili. Anapita dirishani.

Kwa kawaida pole tunazitoa mwishoni. Leo nazitoa hapa, maana kilichobaki hakina nafasi ya pole. Mama mzazi, pole. Umezika mtoto aliyefunga mlango ili mdogo wake asisikie. Dada wa duka la dawa, pole sana, na vidole hivyo vipone vyote vitatu. Wateja wa Randa mnaolalia vitanda vyake, mkumbukeni kama alivyokuwa, na mikono yake yote miwili. Nanyi mnaonisikiliza mkiwa kijiweni, gereji au saluni, jiulizeni jambo moja. Kwenye utani wenu wa jana, kuna mtu aliyepigwa? Mlimcheka? Mimi nina watoto wa kiume wawili. Nimewauliza jana jioni mezani, na majibu yao hayakunifurahisha, na tumekaa mpaka saa sita usiku tukiongea.

Sasa Kilo.

Ijumaa, siku tatu kabla ya ile Jumatatu, kipindi hiki kilimfuata bucha kuchukua kumbukumbu. Alikuwa na aproni, anakata mbavu, wateja wawili wanasubiri. Alisimulia vizuri. Alisimulia kitanda kisicholia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. Ndipo tulipomwomba asikilize sauti ya mdogo wa marehemu, tuliyoirekodi asubuhi ile. Tulitaka aongeze neno la faraja tu. Kinasa sauti kikawekwa kando ya mizani.

Sauti ya dada ikasema, "Kilo aliwaambia polisi alikuwa anatuni. Mimi nimepeleka chai kwenye karakana ile miaka mingi. Wimbo ukianza hakuna anayetuni. Siku moja Kilo aligusa ufunguo wa kukazia nyuzi za besi katikati ya wimbo, kaka akamtoa nje na kigoda chake. Na siku ile walikuwa ubeti wa pili. Sasa alikuwa anatuni nini?"

Shoka la Kilo lilibaki hewani. Mteja mmoja akasema, "Bwana, mbavu zangu."

Kilo alilishusha shoka taratibu. Akasema, bila kumtazama mtu, "Nikisema nilichoona, wataniuliza ugomvi ulianzia wapi. Itabidi niseme na ya kutuni. Miaka yote sita. Mama yule atajua tulikuwa tunacheka."

Mtangazaji wenu si mtu wa kubembeleza. Alimjibu, "Mama anajua. Amezisikia rekodi zenu zote kwenye simu ya Randa. Ndiye aliyetaka zirushwe."

Kilo akawaambia wateja, "Samahani, nafunga." Mbavu zikabaki kwenye gogo. Akashusha shata la mlango, akatia kufuli. Tulimwonyesha gari. Alikataa.

"Nikikaa nitabadili mawazo," alisema. "Natembea."

Akatembea, aproni ikiwa bado na damu ya ng'ombe, watu wakimpisha njia. Kituo cha polisi kiko mwendo wa robo saa, yeye alifika kwa dakika nane, na lile goti lake bovu. Askari wa kaunta alimtazama ile aproni, akainuka kwenye kiti.

"Umemfanya nini nani?"

"Niko sawa, afande. Mimi ni shahidi wa kesi ya seremala. Nataka kubadili maelezo yangu, na nataka uandike sasa hivi."

Askari akavuta karatasi.

"Andika kwamba jiliwa lilikuwa limeshafunguliwa," alisema Kilo. "Alilifungua Randa mwenyewe. Aliviangalia vile vidole, akasema, nimekuwa baba yangu. Akamgeuzia shemeji yake mgongo, akainama kwenye sanduku kutafuta kitambaa cha kumfunga. Vidole alipita nyuma ya benchi, hatua tatu, akachukua patasi kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeinua kichwa. Niliona."

Askari aliandika mpaka mwisho. Akauliza, "Na kwa nini siku ile ulisema ulikuwa umeinama?"

"Kwa sababu nilicheka, afande. Na hilo liandike."

Askari akaliandika, akaigeuza karatasi, akampa kalamu. Kilo alijifuta mkono kwenye suruali, akatia sahihi.